Wacha Warare

Nimefungua pakiti ya unga sasa hivi, na ile harufu ya karatasi imenirudisha jikoni kwetu Kamenu. Mami akitoka kiwandani alikuwa anakung'uta pakiti tupu, anaipasua, na kuandika hadithi upande wa ndani huku maji ya ugali yakichemka. Msomaji wake alikuwa ni mimi tu.

"'Watoto wakarara,'" nilisoma siku moja, nikacheka. "Mami, ni wakalala!"

Hata hakuinua kichwa. "Wako walale. Wangu wamechoka, wacha warare."

Mezani kuna mswada wa kitabu changu, umerudi kutoka kwa mhariri. Amezungushia "wakarara" wino mwekundu, akauliza kama ni kosa.

Nimemjibu: si kosa, wamechoka.