Dirisha la Fundi Unywele

Mtaani walimwita Fundi Unywele, kwa sababu kwenye milango na madirisha aliyotengeneza hata unywele haukupenya. Jina hilo lilimpendeza kuliko alilopewa na wazazi.

Mkewe alipoanza kukohoa damu na kutetemeka kwa baridi, fundi alifanya jambo analolijua. Alipigilia misumari dirisha la chumba cha kulala, akachanganya vumbi la mbao na gundi, akaziba kila mwanya kwa ncha ya kisu. Chumba kikawa kama sanduku.

Muuguzi alipokuja alisita mlangoni.

"Baba, kifua hiki kinataka dawa na hewa. Fungua dirisha."

"Baridi itammaliza."

"Kumfungia huku ndiko kutakakommaliza."

Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Muuguzi akaenda zake, dirisha likabaki vile vile.

Binti yao aliporudi kutoka chuoni, alikosomea lugha, alirudia maneno ya muuguzi. Hayakuingia. Akajaribu njia nyingine.

"Baba, unajua Waingereza walilitoa wapi neno lao 'window'? Kwa mabaharia wa kaskazini. Maana yake jicho la upepo. Zamani lilikuwa tundu tu, moshi utoke, hewa iingie. Kioo kilikuja baadaye sana."

"Basi hawakuwa na fundi."

Mama alicheka pale kitandani. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha.

"Mume wangu," alisema alipopata pumzi, "hata kufa sijafa, ushanipigilia misumari."

Fundi alinyanyuka, akachukua nyundo na patasi. Lakini kazi yake ilikuwa kazi kweli: vichwa vya misumari vilikuwa vimezama ndani ya mbao, gundi imekuwa jiwe. Alichokonoa mpaka vidole vikachubuka, mwishowe akaipasua fremu aliyoichonga mwaka wa harusi yao.

Upepo uliingia, ukainua ncha ya shuka. Mama aligeuza uso kuuelekea, akavuta pumzi mbili tatu kama mtu mwenye kiu. Kisha akatulia, na binti, aliyemshika mkono, akaanza kulia.

Jeneza fundi alilitengeneza mwenyewe. Waliokuja kulibeba walitazamana. Mbao za kifuniko hazikukutana. Palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole.