Kaseti ya Drafti Niliyoinunua kwa Kahawa Yangu

Runinga ya nyumbani kwetu Tunduma ilikuwa na harufu yake. Ilishinda imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mama kwa mkono wake, na kila ilipowashwa, vumbi lililoingia kwenye matundu ya nyuma liliungua polepole, likatoa harufu ya nywele zilizokaribia moto. Harufu hiyo ilitufikia kabla ya picha. Ukiisikia ukiwa uani unaosha vyombo, ulijua kaka yangu Isaka ameshachomeka mashine ya gemu na ameshika pedi, na wewe usipowahi utakaa pembeni kutazama mikono yake. Mashine ile aliileta baba, aliyekuwa dereva wa lori la kwenda Lusaka. Ilikuja na kaseti moja tu ya vita, ambayo Isaka aliicheza mpaka maandishi ya juu yakafutika. Leo nina stashahada ya elektroniki, nimefanya kazi Dar es Salaam na Lusaka, na nimerudi kufungua duka la milango miwili la simu na gemu mjini hapa. Nyumba ninayolala niliijenga bila mtu kunichangia hata tofali. Natanguliza hayo kwa sababu watu wengi wanaongea habari za gemu, na napenda msomaji ajue kwamba mimi nilianza kuzichagua kabla sijajua hata neno elektroniki.

Nazungumzia miezi ile baada ya kumaliza darasa la saba, nilipokuwa nasubiri majibu na sina la kufanya zaidi ya kutumwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupeleka mahindi mashineni. Mashine ya kusaga ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba, karibu na barabara ambapo malori yalipanga foleni ya kuvuka mpaka. Unapofika pale masikio yanaziba kwa mngurumo, nyusi zinageuka nyeupe kwa unga, na hewa ina joto la pumba mbichi. Nje, chini ya paa la bati lililochomoza, kulikuwa na benchi mbili na ubao wa drafti uliopakwa rangi ya mlango. Kete zilikuwa vizibo, vya soda upande mmoja na vya bia upande wa pili. Walicheza madereva waliosubiri karatasi zao, wapakiaji mizigo, baba mkubwa mwenyewe, na fundi cherehani mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, tuliyemwita Ba Mulenga, kwa ile heshima ya Kibemba ya kuanza na Ba. Huyo ndiye aliyekuwa mfalme wa ubao. Kutwa nzima alivaa tepu ya kupimia shingoni, na alipokula kete zako aliziweka mapajani mwake moja moja, kama mtu anayechagua vifungo.

Debe la mahindi halisagwi kwa dakika moja, hasa mbele yako wakiwa wamama kumi. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya benchi na kutazama. Sikufundishwa na mtu. Nilijua kula ni lazima, nilijua kizibo kikifika mstari wa mwisho kinapinduliwa na kuwa kingi, na nilijua kingi wetu anaruka ubao mzima kwa pembe, akitokea mbali asikoonekana. Siku moja baba mkubwa alikuwa anakaribia kusogeza kizibo kibaya, mdomo wangu ukaniponyoka.

"Baba mkubwa, usisogeze hicho! Atakula viwili!"

Pale mashine ilinguruma, lakini nakwambia walinisikia wote. Ba Mulenga aliinua macho akanitazama kuanzia kandambili mpaka kitenge.

"Iwe! We mtoto, nani kakuuliza?"

"Ana macho huyu," akasema dereva mmoja huku akicheka.

"Macho ya kuangalia sufuria," Ba Mulenga akamjibu. "Mtoto wa kike akikaa kwenye drafti, nyumbani watu wanalala njaa."

Walicheka wote. Baba mkubwa naye alicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia kwa upole, "Mama, chukua unga wako uende, mama yako anasubiri." Unga wangu ulikuwa bado haujasagwa. Nilikwenda kusimama upande wa pili wa ukuta mpaka ukaisha, na nikiwa pale niliamua kwamba nitakaa kwenye benchi lile, nichezee ubao ule, na Ba Mulenga atanipangia vizibo kwa mkono wake. Nilikuwa mtoto, lakini sikuamua kitoto.

Mwezi huohuo nilikwenda Ihanda kwa bibi kumalizia kuchuma kahawa. Bibi alikuwa na sheria moja nzuri: safu za mwisho, ambazo buni zake hukomaa kwa kuchelewa, ni za mjukuu atakayezichuma. Nilizichuma mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Zilipopelekwa Mlowo na kuuzwa, fedha yangu ilifungwa kwenye leso na bibi akasema hakuna wa kunipangia matumizi. Mama alifikiri nitanunua viatu vya sekondari. Isaka alifikiri nitanunua kaseti ya ngumi tucheze wote. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba sokoni Tunduma kuna muuzaji ana kaseti zenye michezo ya mezani, na nikamwambia Isaka anisindikize.

"Ya mezani ipi?"

"Drafti."

Alisimama katikati ya njia. "Unanunua drafti? Dada, vizibo vimejaa nje ya kila baa. Okota!"

"Vizibo ninavyo. Wa kucheza naye sina."

Yeye mwenyewe drafti hakuijua, akanifuata. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye runinga ndogo juu ya kreti, na desturi ya soko letu ilikuwa kujaribu kabla ya kulipa. Nilimwambia awashe zote za mezani. Ya kwanza ilikuwa ya pool. Mipira ilikimbia kama imewekwa kwenye mafuta, na ukibonyeza kwa nguvu au kwa ulaini fimbo ilipiga vilevile. Nikasema hapana, mchezo ambao mkono wako hauna maana ndani yake ni picha tu. Ya pili ilikuwa na vigae ambavyo Isaka aliapa ni dhumna. Vilikuwa na michoro na maandishi ya huko vilikotoka. Tulilinganisha nukta na nukta, mashine ikapiga kelele ikachukua vigae vyetu, tukalinganisha tena, ikachukua tena. Isaka aliupenda ule muziki wake. Nikasema hapana, mchezo ambao Tunduma nzima hakuna mtu wa kumuuliza sheria zake siwezi kuununua, maana nitajuaje kama nimefungwa au nimeibiwa? Ya tatu ilikuwa drafti.

"Hiyo imekaa hapa muda mrefu, dada," muuzaji akasema. "Chukua ya vita. Drafti ni ya wazee."

"Washa, kaka."

Niliijaribu kwa makusudi. Nilitega kizibo nione kama mashine italazimika kula. Ikala. Nikakataa kula cha kwake, ikanigomea mpaka nile. Vizuri sana. Nilibakiza jambo moja tu, kuingia kingi nione anavyoruka, na nilikuwa na hatua mbili kufika mstari wa mwisho umeme ukakatika. Umeme wetu ulitoka upande wa Zambia na haukuaga. Tulisubiri. Muuzaji akaanza kufunika meza yake. Nikalipa. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri bila aibu: nilinunua drafti bila kumwona kingi akitembea.

Jioni umeme uliporudi nilicheza mbele ya nyumba nzima, nikaingia kingi, nikabonyeza aruke. Akasogea hatua moja. Nikabonyeza tena. Hatua moja. Isaka aligaragara kwenye mkeka. "Kingi wako ana miguu imevimba! Mpelekeni hospitali!" Mama aliniuliza kama viatu vya sekondari navyo nitavinunua kwenye runinga. Kesho yake muuzaji aliniambia mali ikishauzwa hairudi. Wengine wangelia. Mimi nilirudi nyumbani, nikaosha vyombo mapema, nikachomeka kaseti yangu, na kwa wiki nyingi mashine ile ilinipiga kama ngoma. Ilinifunga bila kunitazama kandambili. Haikuuliza nani kanileta wala nyumbani kumepikwa nini. Sijawahi kufungwa kwa heshima kiasi kile. Na kwa kuwa kingi wake alikuwa mzee wa kujikongoja, nilijifunza kutomtegemea. Nilijifunza kutembeza vizibo viwili viwili vikilindana, na kutogusa mstari wangu wa nyuma mpaka niwe sina njia nyingine. Mvua za kwanza zilipoanza kugonga bati, mimi ndiye niliyekuwa naifunga mashine.

Jumapili moja baada ya ibada baba mkubwa alikuja kula kwetu, akakuta drafti kwenye runinga. Alivua koti akashika pedi. Alicheza kama walivyocheza wote mashineni: alitoa kete tatu bure ili apate kingi mapema. Akampata. Kingi akasogea hatua moja, na baba mkubwa akasimama wima. "Hii mashine inaiba!" Nilimwomba pedi. Niliifunga mashine mbele yake huku akitafuna kuku polepole zaidi na zaidi. Mwisho akasema mashine ile haijui drafti, na mimi nikasema, "Basi wewe unayejua nicheze na wewe kesho, pale pale mashineni." Mama alinikemea. Baba mkubwa akaweka mfupa chini, akasema, "Njoo."

Nilikwenda bila mahindi, makusudi. Ba Mulenga alikuwa amekalia benchi, na kila anayeingia alianza na yeye. "Sichezi na kamtoto," akasema. Baba mkubwa, Mungu amlaze pema, akamjibu, akimalizia kwa neno la heshima la Kibemba, "Kama unaogopa, sema tu tukuelewe, mukwai." Watu wakapiga makofi. Ba Mulenga akapanga vizibo vyangu kwa mkono wake, kwa dharau, na nikamwacha avipange. Nilicheza vizuri mpaka katikati. Kisha nikampa mwanya mmoja, akaingia kingi, na yule kingi wa kwetu, ambaye nilikuwa nimemsahau kwa wiki zote zile, alitoka pembeni akaruka ubao mzima akala vizibo vyangu vitatu kwa safari moja. Kicheko kilichopigwa kiliizidi mashine ya kusaga. "Nenda kapike sasa!"

Lakini benchi lile lilikuwa na sheria yake, ya tangu kabla sijazaliwa: anayefungwa anasimama, anakwenda mwisho wa foleni, na zamu yake ikifika hakuna wa kumruka. Nilisimama. Sikuondoka. Nilikwenda nyuma ya mpakiaji mizigo aliyekuwa wa mwisho na kusema kwa sauti, "Baada ya huyu ni mimi." Mmoja akaanza kubisha, na mpakiaji akamwambia, "Amefungwa kama wewe ulivyofungwa. Anakaa kwenye mstari." Ndivyo nilivyoingia. Sikuingia kwa kushinda, niliingia kwa kufungwa, na hawakuweza kunitoa bila kuvunja sheria yao wenyewe. Nilifungwa tena siku ile, na kesho yake. Siku ya nne Ba Mulenga alitoa kete zake tatu bure kama kawaida, akitafuta mlango wa kingi, akakuta mstari wangu wa nyuma umefungwa wote, vizibo vinne havijaguswa. Zile tatu zilikwenda bure kweli, na zilizobaki hazikumtosha. Akavua tepu shingoni, akasimama. Alikwenda mwisho wa foleni, na mimi nikabaki nimekaa.

Sasa hivi drafti ipo kwenye kila simu ninayouza, na ludo, na karata, na hata bao. Kingi unaweza kumchagulia: aruke au ajikongoje. Picha ni safi, umeme ukikatika betri ipo, na mtoto wa Tunduma anacheza na mtu wa nchi nyingine asiyemjua jina. Wazee huja dukani wakaniambia zamani kulikuwa na utu, watu walikaa pamoja. Nawajibu kwamba nawakumbuka vizuri waliokaa pamoja, na nakumbuka pia nani alisimama nyuma ya ukuta. Sitaki kurudishwa huko. Lakini pia simuuzii mtu kila kitu kinachong'aa. Anayekuja kutaka mchezo wa mezani uliotiwa kwenye mashine namkalisha, namfanya aujaribu mpaka mwisho, kingi atembee mbele ya macho yake, kisha namuuliza: ukishaujua huu, unataka kukaa na nani? Mwenye jibu namuuzia. Asiye na jibu namwambia akatafute kwanza mtu wa kumfunga. Wenzangu wa maduka ya jirani wanasema nafukuza wateja. Waendelee kusema. Kaseti ile wote waliiona ni hasara, kuanzia muuzaji mpaka mama yangu mzazi, na mpaka leo sijanunua kitu kingine kilichonipeleka mahali nilipokatazwa kukaa.