Kijiko cha Bi Mize

Harufu ya mafuta ya makonyo mpaka leo hunitia hasira. Wengine wakiinusa husifu, ooh karafuu, ooh Unguja njema. Mimi namwona Bi Mize anaingia nyumbani kwetu Ng'ambo bila kungoja hodi yake ijibiwe, na kijiko chake cha shaba kimefungwa kwenye pindo la kanga. Bi Mize alikuwa mchuaji. Mwenye kuteguka, mwenye mshipa uliokaza, wote walikuwa wake: hupaka mafuta, kisha huburura ukingo wa kijiko juu ya nyama mpaka ngozi iwe nyekundu. Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi nina miaka tisa, na nilimchukia tangu siku ya kwanza.

Aliitwa kwa ajili ya mkono wa mama. Mama yangu alikuwa mshona kofia, na mwaka ule alikuwa akimshonea kaka yangu Haji kofia ya kuolea, imejaa viua vya vitundu vidogo hata ukivikazia macho yanauma. Kwa kushika sindano kutwa, kifundo cha mkono wake wa kulia kikavimba, na kidole gumba kikawa hakikunjiki. Kofia ilibaki nusu, na nikaha ya Haji ni mwezi ujao.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Bi Mize hakuwa na kipimo ila sauti ya mgonjwa. Ukiguna, analegeza mkono. Ukinyamaza, anajua hajaufikia mshipa wenyewe, anakandamiza. Na mama alilelewa kwamba mwanamke wa heshima halii hata akiwa anazaa, majirani wasije wakasikia. Basi akaiuma kanga yake, kimya.

"Inauma, Asha?"

"Haiumi, Bi Mize. Endelea."

Haiumi! Na machozi yanamtiririka mpaka shingoni! Bi Mize ameinamia kijiko chake, hayaoni. Mimi niliyekaa mkabala niliyaona. Siku ya tatu nikashindwa, nikasema, "Bi Mize, mama analia." Mama akanikata jicho. "Mtoto huyu hana adabu. Hebu toka nje!" Nami nikatoka, tena kila siku nikatoka.

Siku saba zilipotimia, mkono ulikuwa umevilia damu mpaka kwenye kisukusuku, na kidole gumba hakikushika sindano tena, si mwezi ule wala maisha. Haji alioa kwa kofia ya kuazima. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakufa, lakini mkono wake ulikufa, nikiuangalia. Bi Mize nilimchukia, ndiyo. Mama nilimchukia zaidi, Mungu anisamehe, maana yeye alijua.

Mwaka huu bega langu limekaza. Hospitali wamenipa kijana mwenye chuma kinachong'aa, kimepinda vilevile kama kijiko, na mafuta yasiyo na harufu yoyote. "Shikamoo, bibi. Ikiuma uniambie," akasema, akaanza kuburura. Wallahi iliuma.

"Haiumi, mwanangu. Endelea," nikajisikia nikisema.

Akaendelea kidogo, kisha akasimamisha chuma, akainama kunitazama usoni. "Bibi, mbona unauma kanga?"

Nikaitema. "Inauma!" nikapiga ukelele, wote waliokaa kwenye mabenchi nje wasikie.