Mlingoti Ahamia Ubavuni

Wenzake wa timu walimwita Mlingoti kwa urefu wake. Siku za kazi alikuwa dobi wa hospitali, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe. Chumba chao kilijaa mvuke tangu asubuhi, na mashuka yaliyotoka kwenye pasi kubwa yalining'inia kama mawingu yaliyochoka. Waliyakunja wawili, uso kwa uso. Kanuni yao ilikuwa moja: mtu haachii ncha zake mpaka mwenzake aseme, "Nimeshika." Ukiachia mapema, shuka linaanguka sakafuni na kurudi kufuliwa.

Jumamosi walicheza raga, na huko nako walikuwa bega kwa bega, safu ya pili ya skramu, lile fungu la wachezaji walioinama na kushikana ili kusukumana na wapinzani. Kazi ya safu hiyo ni kutia kichwa katikati ya nyonga za walio mbele, kukumbatiana na kusukuma. Mlingoti alilipenda giza lile. Alisema humo kelele za uwanja hazifiki. Unasikia pumzi za watu na kunusa majani, kama umelala chini ya blanketi zito. Trai, yaani mabao ya raga, alikuwa akisimuliwa tu baadaye.

Kisha akaja mchezaji mgeni, mwalimu wa shule, mrefu kumpita, shingo kama gogo.

"Mgeni atakaa safu ya pili," kocha alimwambia Mlingoti. "Wewe nenda ubavuni, safu ya nyuma. Ukishindwa, benchi lipo."

"Ubavuni nifanye nini?"

"Sukuma. Mpira ukitoka, mwachilie shemeji yako, ukimbie ukamkamate aliye nao."

Wiki ile shemeji alikunja mashuka bila utani, mpaka siku ya mwisho.

"Naona umepanda cheo. Sasa utaliona jua."

"Hata benchini kuna jua, shemeji."

"Basi dada yangu afurahi. Masikio yako yatapona kusuguliwa na nyonga za watu."

Jumamosi, skramu ya kwanza, Mlingoti alijipanga ubavuni, mkono umemshika shemeji mgongoni. Wapinzani wakautoa mpira. Mkono haukuachia. Alipoinuka, walikuwa wameshapita. Skramu ya pili, hivyo hivyo.

"Mlingoti, umegundishwa kwa gundi?" mtu alipaza sauti kutoka pembeni.

Kocha akamwambia mchezaji wa akiba avue koti.

Skramu ya tatu, kutoka kule chini gizani, shemeji aliviona viatu vya mtu wa akiba vikirukaruka kando ya mstari. Mpira ulipotoka, akasema kwa sauti ileile ya chumba cha mvuke:

"Nimeshika."

Mkono ukafunguka wenyewe. Mlingoti akainua kichwa, na uwanja ukawa mweupe na mpana, kila mtu akienda taratibu kama yumo ndani ya maji. Mwenye mpira alikuwa pale mbele, hana haraka. Mlingoti akamkumbatia kiunoni, wakaenda chini pamoja, na mpira ukabingirika upande wa wenzake.

Mtu wa akiba akavaa koti lake.

Baada ya mchezo walikwenda bombani kunawa matope.

"Haya, umeona nini huko nje?" shemeji aliuliza.

Mlingoti alikinga maji na kunawa uso.

"Kumbe watu wanakimbia sana, shemeji. Miaka yote hii mimi nilidhani tunasukumana tu."

"Usiwaambie wengine," shemeji akasema, akimsogezea sabuni.