Eti risasi ni risasi!

Leo hapa Lemara nimemfokea bosi wa mwanangu, na sijutii.

Mwanangu ni mfuatilia nyayo. Kesho anamtangulia mwindaji mwenye bunduki kwenye vichaka vya nyati. Nimechungulia mkoba wa risasi: zote za ncha laini, za kupigia swala! Kwa nyati hizo hubonyea juu juu, hazifiki moyoni. Tulihamishwa kutoka kule porini tulikowinda zamani sana, lakini hilo sijalisahau.

"Mzee wangu, risasi ni risasi tu," bosi akacheka.

"Basi kesho tangulia wewe."

Kicheko kikamkauka. Akaenda kuleta za ncha ngumu.

Sasa mwanangu kanuna, eti nimemwaibisha mbele ya bosi. Jamani, nyinyi mngenyamaza?

Anune tu. Maiti hainuni.