Jani la Sale na Kamba ya Upinde

Juzi nilinunua asali ya masega, na harufu ya nta ikanirudisha kwa baba, aliyekuwa akiipaka kwenye upote, ile kamba ya upinde wake.

Siku moja, nikitoka kukata majani ya ng'ombe, nilitundika mundu kwenye msumari uleule uliotundikwa upinde. Makali yakakata nyuzi mbili za upote. Nikauacha vilevile. Jioni baba akauchukua upinde aende kuwawinda nguruwe pori waliokuwa wakimaliza mahindi yetu kule chini.

Nilijua upote ungemkatikia usoni, lakini kusema nilishindwa. Nikachuma jani la sale, ambalo kwetu Kirua mkosaji, hata aliyeua, humpa aliyemkosea kuomba msamaha, nikamwekea mkononi.

“Hee! Mama, umeua mtu?” akacheka; ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye.

Nikamwonyesha. Akapitisha ukucha taratibu kwenye upote mpaka pale palipokatika. Kicheko kikaisha.

“Huu ungenitoa jicho.”

Akaufungua, akautia motoni, asije mtu akauunga fundo.

“Leo acha nguruwe wale tu mahindi,” akasema.

Jani alilichomeka pale msumarini, likakaukia hapo.

Sale zinazozunguka kaburi lake nimezipanda mwenyewe.