Kizingiti cha Kushoto

Nilivunja kufuli la buti la gari la baba siku ya Jumapili, mama akiwa kanisani, miezi minne kabla ya ruhusa. Naanza na hilo kwa sababu nikiliacha nyuma nitatafuta namna ya kulipamba.

Baba alifariki mwezi wa kwanza. Kiwanda alichotunza stoo kwa miaka mingi kilikuwa kimeuzwa, na yeye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Tulimzika Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba, na siku chache baadaye ukoo ukakaa kugawa vitu vyake. Mimi ni kitinda mimba, hivyo nilipata nyumba ya huko juu, ambayo ni ya mama mpaka siku zake zote ziishe. Nikapewa na gari.

Hakuna aliyenionea wivu. Lilikuwa gari dogo la michezo la Kiingereza, la milango miwili, rangi ya damu ya mzee. Baba alilinunua kwa Mzungu aliyekuwa akiishi Tanga karibu na bahari, na chumvi ya huko ilikuja nalo mpaka nyumbani kwetu Lemara. Mwaka aliofariki, magari yaliyotumika ya Kijapani yalikuwa yameanza kuingia mjini kwa wingi. Kaka yangu alikuwa nalo moja, jeupe, lenye redio inayowasha taa.

Ukoo uliacha jambo moja bila kulimaliza. Buti la gari lilikuwa limefungwa na ufunguo haukuonekana. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mgonjwa na hakuweza kukaa kikaoni, lakini alituma neno: alichokifunga marehemu kitafunguliwa na kaka yake. Ikakubaliwa lifunguliwe mwisho wa mwaka, siku mchungaji atakapobariki msalaba wa kaburi. Hapo mama akasema lake.

“Siku hiyo nitapanda na gari la baba yenu.”

“Mama, lile ni banda la kuku,” kaka alisema. “Panda kwangu, mkanda wa kiti upo, kila kitu kipo.”

“Basi nitakwenda na banda la kuku.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mama alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sijawahi kufundishwa ufundi na mtu. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kutengeneza magari, kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye meza ya vitabu chakavu, na kamusi. Tangu utotoni nina ugonjwa wa kurudia vitu. Nikifunga mlango naurudia, nikipiga mstari naufuta na kuupiga upya mpaka karatasi inatoboka. Nilidhani ugonjwa huo safari hii utanisaidia.

Nilianza kwa kulala chini ya gari na kuligonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinajibu. Kilichooza kinanyamaza, kinatoa mdundo kama wa kiroba cha unga. Nilipogonga vizingiti, ile mihimili miwili iliyojificha chini ya milango, vilinyamaza vyote viwili, kutoka mbele hadi nyuma. Nikabonyeza kwa bisibisi. Iliingia mpaka kwenye mpini, na maganda mekundu yakanimwagikia machoni.

Gari lile halina chesisi ya peke yake kama lori. Nguvu yake yote imo kwenye vizingiti vile viwili. Vikiisha, kinachobaki ni rangi na viti, na siku moja barabarani linajikunja katikati na watu wamo ndani. Kitabu kilisema hivyo kwa maneno machache, na nikayasoma mara nyingi sana. Mtu ambaye angekuwa ndani ni mama.

Baada ya hapo nilianza kugonga kila kitu. Geti, meza, ukingo wa kitanda. Mama aliniuliza ninatafuta nini, nikasema mchwa.

Ng'ambo ya barabara yetu kulikuwa na fundi wa mageti na grili, Mmeru wa makamo, mwenye mashine ya kuchomelea iliyotengenezwa hapa hapa mjini. Aliniruhusu kuitumia siku ambazo mgao wa umeme haukutuangukia.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, profesa. Leo unapima tena?”

“Napima kidogo.”

“Wewe unapima mpaka kutu inazeeka. Hilo ni gari au saa ya mkononi?”

Bati la kununua lilikuwa jembamba na pesa sikuwa nazo, kwa hiyo nilikata mapipa ya oili. Nilinyoosha vipande juu ya reli, nikavikunja kufuata michoro niliyochora kwenye maboksi, nikavipima na kuvikunja tena. Nilivua milango na kuiweka chumbani kwangu ili gari liwe jepesi. Nililiweka juu ya mawe na magogo sehemu nne.

Kitabu kilisema pia: kabla ya kukata kizingiti, toa uzito wote uliomo garini. Nilikuwa nimeupigia mstari mwekundu ule ukurasa. Nilijua buti lina kitu kizito, kwa sababu nyuma kulikuwa kumelala na nilipolisukuma gari kitu fulani kilihama ndani taratibu kama mtu anayegeuka usingizini. Ningeweza kumwambia mama kwamba lazima lifunguliwe. Ningeweza kumwandikia baba mkubwa. Niliwaambia watu, na nafsi yangu, kwamba naheshimu neno la ukoo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Baba aliondoka kwa ghafla, kwa presha, akiwa amesimama kwenye foleni ya posta, na buti lile ndilo kitu pekee alichokifunga kwa mkono wake ambacho hakuna aliyekifungua baada yake. Niliona kama yumo.

Kwa hiyo nikakata, na uzito ukiwa ndani.

Nilifanya kazi miezi miwili. Nilichomelea vipande vifupi vifupi ili bati lisijikunje kwa joto, nikavisaga, nikavichomelea upya nilipoona shimo dogo kama tundu la sindano. Fundi alipita akainama, akapapasa kwa dole gumba. “Hata mimi singejisumbua hivi,” alisema, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Nililala vizuri usiku ule.

Asubuhi nilirudisha milango. Wa kulia ulifunga, ukisugua kidogo. Wa kushoto, upande anaokaa abiria, haukufika kwenye kufuli. Juu palikuwa na pengo linalopitisha kidole. Nikalegeza bawaba, nikakaza, nikalegeza. Halafu nikarudi hatua kumi nyuma, nikalitazama gari zima kwa ubavu, na nikaona nilichokuwa nimekataa kukiona kwa miezi miwili. Mkia ulikuwa umeinama. Nilipokata, uzito wa buti ulivuta nyuma chini, na mimi kwa uangalifu wangu wote nikachomelea gari likiwa limepinda. Kila kipande kilikuwa kimekaa sawasawa mahali ambapo si pake.

Jumapili iliyofuata mama alitoka na kitabu chake cha nyimbo. Nilisubiri mpaka geti likajifunga, nikachukua tindo.

Kulikuwa na harufu ya grisi na ya koti lake la kazi. Koti lenyewe lilikuwepo, limekunjwa. Chini yake mawe ya mizani ya stoo, ya chuma, manane, na gunia la bolti. Na chini kabisa, vimefungwa kwa gunia lililolowekwa grisi, vipande vya bati nene, jipya, vimekatwa na kukunjwa. Kila kimoja kilikuwa na lebo ya karatasi iliyofungwa kwa waya, kwa mwandiko wake wa stoo, herufi kubwa zinazolingana. KIZINGITI KUSHOTO, NJE. KIZINGITI KUSHOTO, NDANI. KUSHOTO, KONA YA NYUMA. Nilitoa vyote na kuvipanga kwenye nyasi. Vya kulia havikuwepo. Alikuwa hajafika huko.

Nilikaa pale mpaka mama aliporudi kutoka kanisani, lakini nilikuwa nimeshavificha vipande na kufunika buti kwa turubai. Sikumwambia. Bati lile lilitoka wapi sikuuliza wakati ule na bado sijauliza. Wenzake kiwandani wengine walilipwa kwa vitu, wengine walijilipa. Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Baba alijua. Alikuwa amelala chini ya gari lile kama mimi, akagonga, akasikia kimya kile, halafu akatoka, akanawa mikono, akampakia mama na kuendesha mpaka Marangu na kurudi. Mara ngapi? Nami nilikuwepo, kwenye kile kibenchi cha nyuma kisichotosha mtu, magoti kidevuni.

Nilikata kizingiti cha kushoto upya. Safari hii buti lilikuwa tupu, na nikainua mkia kwa jeki unywele kwa unywele mpaka mlango ukakaa. Vipande vya baba viliingia bila kupunguzwa hata kidogo. Hilo lilinitisha kuliko kama visingeingia. Nilikuwa na hisia kwamba nashikiliwa upande wa pili wa bati, kwamba nikiachia mkono halitaanguka. Kuna siku nilisema kwa sauti, “Sogeza kidogo,” na fundi aliyekuwa anapita akaniuliza naongea na nani.

Kulia hapakuwa na chuma kingine, na Desemba ilikuwa imefika. Nilirudia viungio nilivyoweza na nikaacha mapipa yangu yaliyopinda kidogo. Nikapaka oili chafu chini kote, nikapiga rangi. Watu wa mtaani walikuja kulitazama na kusema linang'aa. Nilikuwa nasikia kila sifa upande wangu wa kulia, kama jino linalouma.

Tuliondoka asubuhi, mlima Meru ukiwa umejifunika. Kaka alitangulia na familia yake, akatupita akipiga honi. Mimi nilikwenda polepole mno, malori yakinipita. Nilisimama Tengeru nikalala chini na kutazama. Nilisimama Usa River nikatazama tena. Niliposimama Kikatiti, mama alishusha kioo.

“Unatafuta nini huko chini kila mara?”

Nilibaki chini, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema nikiwa simwoni.

“Mama, buti nililifungua mimi. Sikumsubiri baba mkubwa.”

“Najua. Ulinuka grisi hata kwenye mto wa kitanda.”

“Mbona hukusema?”

“Wewe mbona hukusema?”

Nikatoka, nikasimama dirishani kwake. “Upande wangu ni mapipa, na umepinda. Upande wako ni chuma chake mwenyewe. Alikuwa amekiandaa. Alijua gari limeoza, Mama. Alijua, na alikuwa anakupakia.”

Alitazama mbele, kwenye barabara. “Aliniambia. Ulidhani hakuniambia? Pale daraja la Kikavu, lile teremko na mashimo yake, alikuwa ananishusha mimi na wewe tunatembea. Anavuka peke yake, anatusubiri ng'ambo.”

Nilikumbuka. Mkono wa mama, kokoto, mto uko chini sana. Miaka yote nilidhani tulikuwa tunashuka ili nitazame maji.

“Ungekataa kupanda,” nilisema.

“Ningekataa nikakaa na nani? Washa gari, mchungaji hatatusubiri.”

Tulipita Boma Ng'ombe. Barabara ilipoanza kuteremka kuelekea darajani, mama aligonga kwa kidole kwenye dashibodi, mara moja, na nikasimama. Hakuna aliyekuwa ameniambia ni hapo hasa pa kusimama, lakini mguu ulikuwa umeshaanza kukanyaga breki. Akashuka, akafunga kitenge vizuri, akafunga na mlango. Ulifunga vizuri.

“Nenda,” alisema.

Niliteremka kwa gia ya kwanza. Nilisikiliza kizingiti cha kulia kwa mwili mzima. Kwenye shimo la kwanza kililia, kwenye la pili kililia zaidi, halafu tukawa juu ya daraja. Nasema tukawa. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu na nilikuwa peke yangu, lakini nilipobadilisha gia niligundua kwamba mkono wangu unapita kwa tahadhari, kama unavyopita unapokwepa goti la mtu.

Chuma hakikukatika. Nilipanda ng'ambo, nikaegesha pembeni, nikalala chini kwa mara ya mwisho siku ile na kupitisha vidole kwenye viungio vyote. Vilikuwa vya moto na vizima. Nilipoinuka, mama alikuwa katikati ya daraja. Alitembea taratibu, karibu na ukingo, midomo yake ikisogea. Kuimba au kuongea, kwa umbali ule sikuweza kujua. Nilisimama palepale nikamsubiri, na nikajua jinsi inavyokuwa kumsubiri pale.

Alipofika hakunitazama. Alifungua mlango wa kushoto, akainama kutazama kiti, akasimama kidogo nje na mkono juu ya paa, kama mtu anayesubiri kupishwa. Kisha akaingia, akaketi, akavuta mlango.